Benchi Zima, Watu Kumi

Wiki ile aliyokabidhiwa daftari la mahudhurio, watu mia moja na ishirini na sita walipotea kanisani.

Hawakufa wala hawakuhama. Jumapili iliyotangulia daftari lilisema mia tatu na kumi, kwa mwandiko mzuri wa baba yake na wino wa bluu. Jumatano baba akafariki, Ijumaa wakamzika, na Jumapili bintiye, fundi cherehani wa miaka thelathini na miwili, akasimama nyuma ya kanisa na kalamu mkononi, macho yangali yamevimba kwa kilio, akahesabu kichwa kimoja kimoja. Akapata mia moja themanini na nne. Akarudia. Akarudia tena wakati wa mahubiri, safari hii akihakikisha hajamruka hata mtoto mchanga. Mia moja themanini na nne, hakuongezeka hata mmoja.

Idadi ilipotangazwa, shingo zote ziligeuka. Baba mtu alipokuwa hai kanisa lilikuwa na watu; binti kashika kalamu tu, watu zaidi ya mia wameyeyuka. Kabla ibada haijaisha alikuwa ameshapewa jina, na jina la utani la kanisani halitoki hata ulifue kwa magadi: Mama Pungufu.

Kibaya zaidi, yeye mwenyewe aliamini. Alidhani watu wale walikuwa wakija kwa ajili ya baba yake, karani aliyesimama mlangoni miaka yote akimuuliza huyu habari za goti na yule habari za mkwe. Angeweza kulirudisha daftari kwa wazee wa kanisa akaenda zake kushona. Hakulirudisha. Kichwa chake kilikuwa kigumu tangu utotoni, na aliona kwamba kama kazi yake ni kuandika upungufu, basi atauandika kwa haki, mtu kwa mtu, wapende wasipende.

Akaandika kwa miaka ishirini na sita. Kiwanda cha nguo kilichokuwa ng'ambo ya barabara kilifungwa, wafanyakazi wakafunga mizigo, akaandika mia moja na thelathini. Likaja kanisa jipya lenye spika kubwa na viti vya plastiki, vijana wakahamia huko kwa mkumbo, akaandika tisini. Mchungaji akahamishwa, akawa anatumwa wa zamu mara moja kwa mwezi, akaandika sitini na mmoja. Sasa walikuwa hamsini na watatu. Kila tarakimu iliposhuka watu walimtazama yeye, utadhani kiwanda alikifunga kwa kufuli lake mwenyewe.

Na ukutani, juu ya mlango, palikuwa na ubao wa kuchonga: SIKU YA MIA NNE. Ulikuwa umetundikwa miaka arobaini na mitatu iliyopita, enzi ya kiwanda, Jumapili ambayo mabenchi yote arobaini yalijaa. Siku hiyo aliyeongoza kwaya alikuwa mwalimu kijana wa hesabu, ambaye sasa alikuwa mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na hakuna mgeni aliyewahi kutoka pale bila kusimuliwa habari hiyo. Watu walimwita Mzee Mia Nne. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilobatizwa nalo.

Ndipo ilipokuja barua kutoka makao makuu.

Mzee Mia Nne aliisoma mbele ya watu, miwani ikiteleza puani. Makanisa yalikuwa mengi na wachungaji wachache, barua ilisema. Kwa hiyo kanisa lolote ambalo mahudhurio yake yameshuka chini ya moja ya tano ya yale ya mwaka wake bora, kwa mujibu wa daftari, litafungwa. Waumini watahamia kanisa kuu la mjini na jengo litakodishwa. Katibu wa makao makuu atafika Jumapili ya mwisho wa mwezi kuhesabu mwenyewe.

Mwaka wao bora ulikuwa mia nne. Moja ya tano yake ni themanini. Hapakuhitajika mwalimu wa hesabu. Tena kulikuwa na mfanyabiashara wa saruji ambaye wiki iliyopita alionekana akipima mlango wa kanisa kwa hatua, kuona kama lori litaweza kurudi nyuma mpaka ndani. Kikongwe mmoja aliyefunga ndoa humo na kuzikia mume humo alianza kulia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Fundi hakulia. Alirudi nyumbani akashona mpaka mguu ukafa ganzi. Kanisa lile lilianza na watu kumi na mmoja ndani ya ghala la mbao, miaka sabini iliyopita. Hilo liliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza. Kumi na mmoja, na hakuna aliyewaambia kwamba ni wachache mno kumwomba Mungu. Leo hamsini na watatu waambiwe wafunge mlango, na mhesabuji wao awe yeye! Aliona wazi yatakayosemwa: Mama Pungufu alianza na mia na themanini, sasa kawamaliza mpaka wa mwisho.

Jumatatu Mzee Mia Nne akaja kwenye chumba chake cha kushonea. Alisogeza gauni la harusi lisilo na mkono mmoja, akaketi.

"Tunahitaji ishirini na saba," alisema. "Nimeshafikiria. Wajukuu zangu tisa. Majirani. Na ile timu ya mpira ya mtaa wa nyuma, nitawaahidi soda."

"Mwalimu, unataka kukopa watu?"

"Kukopa ni neno kali. Kuwaalika."

"Na Jumapili inayofuata utawatoa wapi?"

"Hiyo itajijua yenyewe. Wewe kazi yako ni kuandika themanini."

"Kalamu yangu haiandiki mtu wa kukodi."

Mzee alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyefundisha watoto wagumu kwa miaka thelathini na minne. "Ndiyo maana watu wanakuita Mama Pungufu."

"Na ndiyo maana nikiwaambia mko hamsini na watatu, mnajua mko hamsini na watatu. Kuna lingine?"

Lingine lilikuwepo. Alitaka mabenchi yavalishwe vitambaa, katibu akiingia aone mahali panapotunzwa. Hilo fundi alilikubali. Kitambaa alikuwa nacho, na mikono ilikuwa inamwasha kufanya jambo lolote kwa ajili ya jengo lile.

Alhamisi mchana akaenda kanisani peke yake, na tepu ya kupimia shingoni na chaki ya kushonea mfukoni. Alilaza tepu juu ya benchi la kwanza. Sentimita mia mbili na sabini. La pili, mia mbili na sabini. Aliandika kwenye karatasi, akaanza kupiga hesabu ya mito, mto mmoja kwa mtu mmoja, na hapo mkono ukasita.

Fundi cherehani hajui mambo mengi ya dunia, lakini upana wa makalio ya binadamu anaujua kuliko daktari. Mtu mzima, akikaa vizuri bila kumbana jirani, anataka sentimita arobaini na tano. Mia mbili na sabini ni watu sita. Wakiminyana, saba, na wa saba atakuwa ananung'unika.

Alipokuwa mtoto alitembea nyuma ya baba yake kwenye ujia wa katikati, wimbo wa pili ukiimbwa. Baba hakuhesabu vichwa. Alihesabu mabenchi yaliyojaa, akaongeza sifuri. "Benchi zima, watu kumi," alimwambia. "Usipoteze muda na vichwa, wimbo utaisha." Ndivyo makarani wote wa kanisa lile walivyohesabu tangu mabenchi yaletwe. Yeye peke yake ndiye aliyeiacha kanuni hiyo, na hakuiacha kwa ujuzi wowote. Jumapili ile ya kwanza machozi yalimzuia kuona mabenchi, akaogopa kukosea, ndipo akaamua kumgusa kila mtu kwa macho. Tangu hapo akazoea.

Akapiga magoti sakafuni kuangalia miguu ya benchi, kisha mwisho wake. Upande wa ujia wa katikati ulikuwa umeviringwa na kupigwa randa, kazi ya fundi aliyejiheshimu. Upande wa ukutani ulikuwa umekatwa kwa msumeno, mkavu, una makovu ya mchwa. Akaenda la pili, la tatu, la kumi. Yote yalikatwa. Na ukutani kwenyewe, chini ya rangi, plasta ilikuwa na msururu wa mikwaruzo, mahali ambapo ncha za mabenchi zilisugua zamani, karibu mita mbili kutoka yanapoishia leo. Ujia ule wa pembeni ambao watu walipita maisha yake yote haukuwa ujia. Ulikuwa mahali pa watu wanne kila benchi.

Baba, Jumapili yake ya mwisho, aliandika mia tatu na kumi: mabenchi thelathini na moja. Thelathini na moja mara sita ni mia moja themanini na sita.

Yeye aliandika mia moja themanini na nne, pungufu ya wawili tu.

Akakaa palepale sakafuni. Hakuna aliyepotea. Wiki ile ya msiba, wakati yeye akijiuliza amewakosea nini watu mia moja na ishirini na sita, watu hao hawakuwepo, hawakuwahi kuwepo, walikuwa mbao zilizokatwa. Alicheka mpaka sauti ikarudi kutoka darini, kisha akalia, kisha hasira ikampanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Na hasira hiyohiyo ndiyo iliyomfanya apige hesabu ya mwisho. Mabenchi arobaini mara sita ni mia mbili na arobaini. Moja ya tano yake ni arobaini na nane.

Wao walikuwa hamsini na watatu.

Nyumbani, mama yake alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo alizoanua, bibi wa miaka themanini na minne ambaye kila Jumapili hukaa benchi la mbele na hajawahi kuchelewa. Fundi alimweleza yote kwa mkupuo, amesimama mlangoni, tepu bado iko shingoni. Alitegemea mama ashangae. Mikono ya mama haikusimama hata kidogo. Iliendelea kukunja, shati, kanga, shati. Hapo ndipo alipojua.

"Ulijua," alisema.

"Keti, mwanangu."

"Sikai. Ulijua."

Mama akaweka nguo pembeni. "Baba yako aligundua miaka mitatu baada ya mchwa. Mwanzo hakujua, walikata mabenchi, yeye akaendelea na kumi zake kama alivyofundishwa. Alipogundua, alitaka kusema. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya makao makuu: kanisa lenye watu chini ya mia tatu halipewi mchungaji wa kukaa. Daftari lilikuwa linasema mia tatu kamili. Kumbe tulikuwa mia na themanini."

"Akanyamaza."

"Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Tulikuwa tunazikana wenyewe, mwanangu. Kaka yako mkubwa alizikwa na fundi bomba aliyekuwa anasoma sala kwa kukisia. Nikamwambia, andika mia tatu, Mungu anajua kugawanya."

Fundi alikuwa na kaka ambaye hakumwona kamwe. Alifariki kabla yeye hajazaliwa. Hilo lilimpoza kidogo, lakini kidogo tu. "Haya. Hayo ya mchungaji nimeyaelewa. Mimi je? Miaka ishirini na sita unakaa mbele pale, unasikia naitwa Mama Pungufu. Watoto wa Jumapili wananiita. Mchungaji wa zamu ananiita. Hukuona neno la kusema?"

"Ningesema, wangemwita baba yako mwongo, na kaburi bado bichi. Baadaye ikawa ni baadaye." Mama akatazama mikono yake. "Usiseme sasa. Nikishafukiwa, sema unavyotaka."

"Ukishafukiwa, kanisani kutakuwa na saruji."

Akatoka akaubamiza mlango, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa msichana.

Ijumaa alimweleza Mzee Mia Nne, na mzee akawa mwekundu mpaka upara. Mia mbili na arobaini? Yeye aliwaona kwa macho yake! Alisimama mbele na kijiti cha kuongozea kwaya, watu mia nne wakaimba sauti nne, kuta zikatetemeka! Fundi akamuuliza kama aliwahesabu. Mzee akasema hakuwa na haja, mabenchi arobaini mara kumi, hata mtoto wa darasa la pili anajua.

"Na kumi umeitoa wapi, mwalimu?"

Mzee akainuka kuondoka. Alipofika kizingitini aligeuka, sauti imeshuka. "Katibu ni mgeni. Usimwage mtama penye kuku wengi. Funika kombe mwanaharamu apite, mengine tutayamaliza wenyewe."

"Kombe lenyewe ndilo litakalotuzika," fundi alisema.

Katibu alikuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, mwanamume wa makamo mwenye mkoba wa ngozi na viatu visivyo na vumbi. Alihesabu vizuri, fundi alilazimika kukiri, kwa kidole, bila haraka. Wajukuu tisa wa Mzee Mia Nne hawakuja. Mama yao alikataa kuwaleta kudanganya kanisani. Timu ya mpira ilikuwa na mechi. Hamsini na watatu. Ibada ilipokwisha, katibu akasimama mbele, akafungua mkoba.

"Ndugu zangu, nimekuta hamsini na watatu. Daftari linasema kilele chenu kilikuwa mia nne. Inaniuma, lakini kanuni ni kanuni."

"Inakuuma wapi?" fundi aliuliza.

Hakuwa amepanga kuanza hivyo. Watu waligeuka, wale wale waliomgeukia kwa miaka ishirini na sita. Akapiga moyo konde, akatembea mpaka mbele, tepu mkononi.

"Ndugu katibu, daftari hilo ninalishika mimi, na kabla yangu baba yangu. Mia nne haikuwahi kuwepo. Mabenchi haya yalikatwa kwa sababu ya mchwa, na makarani wakaendelea kuhesabu kumi kwa benchi. Wanakaa sita. Kilele chetu ni mia mbili na arobaini. Moja ya tano ni arobaini na nane. Tupo hamsini na watatu, na hatufungwi."

Kelele zilizozuka hapo zilikuwa kubwa kuliko za kwaya. Mzee Mia Nne alisimama. Kumi wanaenea! alisema. Atathibitisha! Akawashika mikono wanakwaya, mmoja mmoja, akawapanga kwenye benchi la mbele. Wanne walikaa kwa raha. Wa tano na wa sita wakasogea. Wa saba akajipenyeza, benchi likalia. Wa nane, mama mnene anayeuza mkaa, alisema yeye haingii humo hata kwa nguvu za malaika, akasukumwa, akaangukia mapaja ya wa saba. Mzee mwenyewe akajaribu kuwa wa tisa kwa kuketi ncha ya ukutani, nusu ya mwili wake ikiwa hewani, akashikilia kwa sekunde tatu za heshima, kisha akateremka polepole mpaka sakafuni.

Watu walicheka. Walicheka vibaya sana, na wengine walikuwa wanafuta machozi ambayo wiki nzima yalikuwa ya aina nyingine. Mzee Mia Nne alibaki chini, akiangalia ncha ile iliyokatwa na msumeno, sasa ikiwa usawa wa pua yake. Aliipapasa kwa kidole. Alikuwa mwalimu mzuri wa hesabu enzi zake, na usoni ilionekana wazi kwamba alikuwa anagawanya.

Katibu hakucheka. "Naona mabenchi ni mafupi," alisema. "Lakini yalikatwa lini? Yangeweza kukatwa mwaka jana. Mimi ninafuata daftari, na daftari linasema mia nne. Yupo mtu aliyekuwepo yakikatwa?"

Waliokuwa watu wazima wakati huo walikuwa makaburini, au mjini kwa watoto wao. Fundi hakugeuka kumtazama mama yake. Aliapa moyoni kwamba hatageuka. Akitaka kunyamaza na anyamaze, alishazoea kunyamaza. Jengo likigeuka ghala, wajue wote wawili lilikwenda vipi.

Nyuma yake benchi likatoa sauti ya mtu anayeinuka kwa shida.

"Mimi nilikuwepo," mama alisema. "Mwaka yanakatwa nilikuwa na mimba ya huyu. Vumbi la msumeno lilinitapisha, nikakaa nje. Huyu sasa ana miaka hamsini na minane. Hiyo mia nne yenu ilikuja yeye akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, anaimba mstari wa pili. Piga hesabu."

Katibu akapiga. Kalamu yake ikasimama. "Kwa hiyo karani, marehemu mumeo, aliandika idadi ya uongo."

"Alikosea kwanza, kisha akajua. Na aliyemwambia aandike vilevile ni mimi, kwa hiyo niandike mimi." Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikuyumba. "Ofisi yenu ilisema chini ya mia tatu hakuna mchungaji. Kanisa dogo hamkulitaka. Tukawapa kubwa. Leo mnarudi mnasema kubwa hilo limepungua!"

Mtu mmoja nyuma akasema "Sema, mama," na wengine wakaitikia. Mama akainua mkono kuwanyamazisha.

"Na ninyi msinishangilie. Huyu binti yangu mmemwita Mama Pungufu miaka ishirini na sita, na mimi nilikuwa nimekaa hapa, najua, nikanyamaza. Hakumpunguza mtu. Katika kanisa hili lote, tangu mabenchi yakatwe, huyu ndiye peke yake aliyewahesabu ninyi. Sisi wengine tulihesabu mbao."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama wa mkaa alianza kulia palepale juu ya mapaja ya mwenzake.

Katibu alikuwa mtu wa makaratasi, lakini wa makaratasi ya kweli. Aliomba tepu, akapima mabenchi matano mwenyewe, akaangalia mikwaruzo ukutani, akaandika kwa muda mrefu. Mia mbili na arobaini. Hamsini na watatu. Kwa kanuni hii, aliandika, kanisa linabaki wazi. Kisha akamgeukia fundi, na sauti yake ikawa ya chini.

"Ofisini tuna orodha ya makarani waaminifu, imetundikwa ukutani. Jina la baba yako limo. Sitaweza kuliacha."

Alikuwa amejiandaa kwa mambo yote ila hilo. Aliliona jina lile, hajawahi kufika ofisini kwao lakini aliliona.

"Liondoe," alisema. "Na utakapoandika kwa nini, andika na ile barua yenu ya mia tatu. Nakala yake iko kwenye daftari la nne. Nitakupa sasa hivi, uondoke nayo."

Katibu aliichukua. Akaitia mkobani, akaufunga.

Waliondoka kanisani wa mwisho, mama na binti, baada ya kila mtu kuja kumshika fundi mkono bila kujua amwite nani. Barabara ilikuwa na jua kali. Mama alitembea taratibu, fundi akiwa hatua mbili mbele, kisha moja, kisha akasimama akampa mkono wake aushike, kwa sababu hapo mbele palikuwa na mfereji.

"Umenikasirikia," mama alisema.

"Sana."

"Basi sema. Usiniadhibu kwa kunyamaza."

"Nitasema. Nitasema leo, nitasema kesho, nitasema hata tukiwa tunakula. Miaka ishirini na sita ni mingi, mama, haisemwi siku moja."

"Mimi ni mzee. Nitachoka."

"Choka," fundi alisema, akaukaza mkono wa mama yake wasije wakateleza. "Utasikiliza ukiwa umechoka."